Mfalme Uzia na Neno Lililomshinda Kutamka

Sogeeni, wajukuu zangu, kisa kimeiva. Ni cha zamani zile ambazo hata babu wa babu yangu alisimuliwa tu. Mwenye usingizi akalale sasa, maana mimi sirudii.

Palikuwa na mfalme katika nchi ya Yuda, jina lake Uzia. Alitawazwa angali kijana, akamcha Mungu, na Mungu akamfungulia. Akapigana, akashinda. Akajenga minara, ikasimama. Akachimba visima nyikani, maji yakatoka. Na mfalme huyo alipenda udongo, wanangu. Alishika jembe mwenyewe, akapanda mizabibu. Watu wakamsifu, naye akasikiliza. Wakamsifu tena, akasikiliza tena. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Katika nchi ile, kufukiza uvumba hekaluni ilikuwa kazi ya makuhani peke yao. Uzia alikuwa na jeshi. Alikuwa na mashamba. Alikuwa na hazina. Jambo hilo moja hakuwa nalo, na moyo wa binadamu mnaujua, hung'ang'ania kile kimoja ulichonyimwa. Siku moja akatwaa chetezo, kile chombo cha kufukizia uvumba, akaingia hekaluni.

Makuhani wakamfuata, wakamsihi atoke. Kuhani mkuu akamwambia kwa upole, "Bwana wangu, nchi yote ni yako, lakini hapa si pako. Toka kabla hujaumia." Mfalme akafoka. Na alipokuwa angali anafoka, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso, mbele ya macho ya wote. Akatoka mbio, hakungoja kusukumwa.

Msicheke. Siku hizi ukoma una dawa, na mgonjwa hana kosa. Siku zile dawa haikuwapo, na watu waliuogopa kuliko vita. Sheria yao ilisema mgonjwa akae peke yake, avae nguo zilizopasuliwa, na mtu akimkaribia apaze sauti aseme, "Ni najisi," ili yule mtu asimame mbali. Hawakuwa na kinga nyingine.

Uzia akapewa nyumba ya peke yake, kando ya shamba la mizabibu. Mwanawe Yothamu akakalia kiti cha kuamua mambo ya watu. Nyumba Uzia aliikubali. Chakula cha kuachiwa mlangoni alikikubali. Lakini joho la kifalme hakulipasua, na neno lile hakulitamka. Alishusha kilemba mpaka kwenye nyusi, na mtu akitokea, yeye huyo ndani, akafunga mlango.

Yothamu akaja, akasimama mbali. "Baba, litamke. Siku moja utachelewa kuufikia mlango, na mmoja wa watu wako ataumia."

"Mfalme hutangazwa kwa tarumbeta," Uzia akajibu. "Hajitangazi uchafu wake."

Yothamu akalia, akaenda zake. Mtoto atamlazimishaje baba yake?

Ikawa asubuhi moja Uzia anapalilia mizabibu, maana jembe hakunyang'anywa. Akaja mama mmoja kutoka nyikani, aitwaye Tirza, amebeba mjukuu wake mchanga. Kwao habari za mfalme hazikuwa zimefika, na alipita njia ya bondeni, hakukutana na wa kumwonya. Huko kwao walikuwa na desturi: mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya kisima kupatikana hupakatwa na aliyekichimbisha, naye ndiye humpa jina. Tirza akaliona joho, akajua amefika.

Uzia alikuwa ameinama. Alipoinua kichwa, yule mama alikuwa amekwisha kupiga magoti karibu naye.

"Bwana wangu," Tirza akasema, "tulikuwa tunakufa kwa kiu, ukatuchimbia kisima. Huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa penye maji yako. Mpakate." Akanyoosha mikono, na mtoto ndani yake.

Uzia akamtazama mtoto. Tangu siku ile ya hekalu hakuna aliyemgusa, wanangu. Hakuna aliyempigia magoti. Alitamani kumpakata. Nani angejua? Makuhani hawapo. Yothamu hayupo. Moyo ukamwambia: chukua. Na ulikuwa moyo uleule uliomwambia achukue chetezo.

Akarudi nyuma. Akashika joho lake shingoni, akalipasua mpaka kifuani. Akavua kilemba.

"Ni najisi," akasema. "Mama, mwondoe mtoto. Mimi ni najisi."

Tirza akamkumbatia mtoto, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa mawe. Uzia alidhani atakimbia, lakini mama yule hakukimbia. Alisimama pale analia. Kisha akamwinua mtoto juu aonekane.

"Basi mpe jina kutoka huko huko, bwana wangu."

Mfalme akasema, "Mwite Mikaya." Na kwa lugha yao maana yake ni, nani aliye kama Mungu?

Uzia hakurudi kwenye kiti chake, wajukuu zangu. Alifia katika nyumba ile ya peke yake. Lakini mimi naona hakuwahi kutawala vizuri kama asubuhi ile, asiye na jeshi wala taji, alipokubali aibu ili mtoto wa mtu awe salama. Mkipewa madaraka, hata ya kuchunga kuku, jueni mpaka wenu, na watu wenu wawe mbele ya heshima yenu.

Kisa kimefika mwisho. Kilicho chema kibebeni, kilicho na kasoro niachieni mimi.