Patupu kwenye Ramani ya Bi Mize

Kisa hiki kimenifikia leo asubuhi, nikaona nisikae nacho peke yangu. Ni kifupi, kisome mpaka mwisho.

Daktari Kemilembe alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na mwenyewe alijijua. Ukutani ofisini kwake alitundika ramani iliyochorwa na kompyuta kutokana na picha za MRI. Ilionyesha nyuzi za neva zinazopita ndani ya ubongo wa binadamu, ndefu na nene, nyekundu, kijani na buluu. Wageni wakiiona walibaki vinywa wazi, naye hakuwakataza.

Wiki hiyo mgonjwa wake alikuwa Bi Mize, msuka mikeka. Alikuwa na uvimbe kichwani uliomwangusha kifafa kila baada ya siku chache. Uvimbe ulikaa jirani na mkunjo wa ubongo unaoongoza mkono wa kulia. Daktari akikosea, mkono ungekufa, na Bi Mize hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka.

Daktari akamfungulia ramani ya kichwa chake kwenye kompyuta. "Nitapita hapa, Bi Mize, kati ya mkunjo huu na mwenzake. Unaona? Hakuna uzi wowote unaopita. Patupu."

Bi Mize akasogeza uso kwenye kioo. "Na huu umeshikana na mwenzake kwa kitu gani?"

"Mashine haikuona kitu."

"Mwanangu, mie sijui vichwa, najua mikeka. Mkeka ukiutazama kwa mbali unaona ukili tu, ile mikanda mirefu. Lakini ukili mmoja umeshonwa kwa mwenzake, na uzi wake hata hauonekani. Ukate huo uzi, kisha uniambie utalalia nini."

Daktari akacheka, akamwambia apumzike. Lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Mchana akamwendea Ngwali, fundi wa kompyuta za picha.

"Mashine yetu inaziona nyuzi fupi, zile za kutoka mkunjo mmoja hadi wa jirani?"

"Inaziona. Ila kuna amri humu: kila uzi usiofika sentimita nne ufutwe."

Daktari akapandwa na hasira. "Mpuuzi gani kaweka amri hiyo?"

Ngwali akakohoa kidogo. "Ni wewe, Daktari. Mwaka juzi. Ulisema zinachafua picha ya ukutani."

Daktari akawakumbuka wagonjwa wawili waliotoka mikononi mwake na vidole visivyokunjika, naye alikuwa amewaambia ni bahati mbaya. Aliona aibu, aibu hasa.

Ngwali akaiondoa amri, wakachora upya. Pale patupu pakajaa nyuzi fupi, zimesongamana, na nyingi zaidi zilikuwa palepale alipokusudia kupitisha kisu.

Akabadili njia. Akauzunguka uvimbe kwa nyuma, kazi ya saa nne ikawa ya saa tisa. Siku ya sita baada ya upasuaji Bi Mize alikuwa ameketi kitandani, sindano mkononi, anaunga ukili. Ilikwenda polepole, lakini ilikwenda.

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote: amri ile, nani aliyeiweka, na wale wawili. "Bi Mize, hapakuwa patupu. Nilipafuta mwenyewe. Nisamehe."

Bi Mize akavuta uzi, akaukaza.

"Mie nimepona, mwanangu, sina la kukusamehe. Umeniambia mie. Wao umewaambia?"

Daktari akarudi ofisini, akaishusha ramani ya ukutani, akaanza kutafuta namba za simu za wale wawili.

Funzo: Kabla hujasema "hapa hapana kitu", angalia kwanza ulichokifuta kwa mkono wako, na ukikiona, usiishie kutubu kwa aliyesalimika, mwendee uliyemuumiza.