Mchi Ulionyamaza

“Mchi wa mwenzio ukinyamaza, usitwange.” Mmeisikia methali hii, wanangu, mkauliza chimbuko lake. Lilikuwa hivi.

Katika kijiji cha Mtondoni palikuwa na uga ambamo wanawake walitwanga mpunga wa Bi Zuwena, watatu watatu kwa kila kinu. Bi Zuwena alikuwa amepofuka. Aliisimamia kazi kwa masikio, akiwa ndani. Basi watwangaji walikuwa na ada yao: mmoja akienda kunyonyesha, wawili waliobaki waliharakisha michi ili pigo lisipotee. Waliiita kuziba pengo, nao waliiona kuwa huruma.

Huruma hiyohiyo ndiyo iliyomfaa Makame, msimamizi wa uga. Kila alipomzaba mtu kibao, wenzake waliziba pengo, na ndani hapakusikika kitu.

Mize, mmoja wa watwangaji, naye alikuwa ameziba mara nyingi. Watoto wake walikula kutokana na kinu kile. Lakini asubuhi moja Makame alimchapa Mwanakheri, mwenzake Mize wa kinu kimoja, fimbo mkononi, eti chenga za mchele zimezidi. Mchi ukamponyoka. Mize akaanza kuharakisha kama ilivyo ada, kisha akamwona Mwanakheri akiuokota mchi kwa mkono wa kushoto, huku akijilazimisha kutabasamu ili wenzake wasihangaike. Tabasamu lile lilimchoma Mize. Akaulaza mchi wake chini.

“Twanga, we mwanamke!” Makame akafoka. “Au na wewe mkono unakuwasha?”

“Sitwangi.”

“Mize, shoga yangu, watoto wako!” jirani yake akamnong’oneza.

“Na huyu si mtoto wa mtu?”

Michi ikalazwa, mmoja baada ya mwingine, hata uga mzima ukawa kimya. Bi Zuwena akatoka akipapasa ukuta.

“Kuna nini? Nani kafa?”

“Kateleza mtu tu, Bibi,” akasema Makame.

“Hakuteleza.” Mize akasogea mbele. “Kapigwa, Bibi. Wala si wa kwanza. Michi yetu ndiyo iliyokuziba masikio.”

Bi Zuwena akaomba apewe mkono wa Mwanakheri. Akaugusa uvimbe, taratibu.

“Makame,” akasema, “toka ugani kwangu.”

Mwanakheri hakuachwa peke yake na maumivu yake. Mize alimkanda kila jioni, wenzake wakamtwangia fungu lake hadi akapona, wala hakuna aliyemuuliza alikosa nini. Na tangu hapo, kila mgeni aliyefika ugani aliambiwa neno moja kabla ya kukabidhiwa mchi: mchi wa mwenzio ukinyamaza, usitwange.