Kwa Nini Muulizaji Hufungua Viganja

Apeni kwanza kwamba hili halitavuka kizingiti. Mmeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa na bibi yangu, nikalibana kifuani hadi jioni, kisha likanitoka kwa jirani. Ukoo wa Kibacha bado upo na haupendi lisemwe, basi sogeeni.

Zamani, huku milimani Upare, muulizaji aliaminiwa kama mvua. Mfumwa, mtawala wa mlima, alipotaka kujua watu wanawaza nini, alimtuma mtu na kibuyu chenye shingo nyembamba apite nyumba kwa nyumba. Anayekubali alidondosha punje ya hindi, anayekataa alidondosha haragwe, na muulizaji aligeuza uso asione. Kibuyu kilipasuliwa mkutanoni, na neno la wengi likawa neno la mlima. Hakuna aliyewahi kumuuliza muulizaji chochote.

Mwaka mmoja swali likawa la maji. Je, mfereji utokao bwawani ugeuzwe, uende kwenye mashamba mapya ya bondeni? Nakijwa, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa na magimbi yake mwisho kabisa wa mfereji wa zamani. Ukigeuzwa, yangekauka, na watoto wangelala njaa. Akachagua haragwe lake nono, akakaa mlangoni kumsubiri Kibacha, muulizaji wa mwaka ule. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu akasikia Kibacha amemaliza mlima mzima.

"Amemaliza kwa miguu ya nani?" alimuuliza jirani yake, Namkunda. "Kwako alipita?"

"Hakupita. Nilidhani ameanzia kwako."

"Hm. Na shemeji yake si ndiye mwenye shamba jipya kule bondeni?"

"We Nakijwa! Usinitie maneno mdomoni," alisema Namkunda, huku akivuta kigoda karibu.

Siku ya mkutano Kibacha alifika uwanjani amekumbatia kibuyu, nguo yake safi kama ya bwana harusi. Nakijwa alimzunguka taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Njia ya nyumba za juu ilikuwa imezibwa na kishonanguo, gugu lenye mbegu za kunata. Hata kuku aliyepita huko alirudi na vijibegu vyake vimemganda manyoyani. Kwenye nguo ya Kibacha hakikuwapo hata kimoja.

"Baba, nyumba za juu ulifikaje? Uliruka?"

"Kaa chini, mama. Mambo ya kibuyu hayana kelele."

Watu wakacheka, ila kicheko hakikwenda mbali. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake: kwako alifika? Mfumwa naye akaliona hilo. Akaamuru nyumba zihesabiwe kabla kibuyu hakijapasuliwa, ili ijulikane kama punje zinalingana na milango.

Hapo Kibacha akaanza kutoka jasho. Yeye alikuwa amekijazia kibuyu kilabuni, kwa kukisia tu idadi ya punje, na milango mingine hata hakuijua. Wazee wakahesabu nyumba kwa sauti, ukoo baada ya ukoo, na macho yote yakawa kwao. Ya Nakijwa yalikuwa kwenye mkono wa Kibacha. Akauona unaingia mkobani polepole, unatoka umefumbwa, unapanda hadi shingo ya kibuyu.

Akaurukia. Akaushika kifundoni kwa mikono yote miwili, akauinua juu mbele ya mlima mzima.

"Fungua!"

Kibacha akakaza ngumi.

"Fungua, mwanangu," alisema Mfumwa, kwa sauti ya chini.

Ngumi ikafunguka. Mahindi matupu, yamegandana kwa jasho, haragwe hakuna hata la dawa. Mfereji ukaachwa ulipo.

Na tangu siku hiyo, anayepanda kwetu na maswali, awe na kibuyu au karatasi, hajibiwi lolote, hata jina la mbuzi, mpaka asimame mlangoni na kufungua viganja vyote viwili. Wageni hudhani tunawapokea kwa salamu.