Kinyonga Aliyemngoja Swala

Haya, niseme nisiseme?

— Sema tusikie!

Nikisema mtasinzia?

— Hatusinzii!

Basi sogeeni, ila msijibane sana hapo penye makaa, maana kisa chenyewe ni cha moto.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi kama watu, palikuwa na kinyonga mmoja jina lake Mboni. Mumewe aliitwa Mashaka. Walikaa katika kichaka kilichozungukwa na nyasi ndefu pande zote, wao na watoto wao wadogo, wa mwisho akiitwa Chudi. Juu kabisa, kwenye tawi lenye jua zuri, alikaa mama mkwe wa Mboni, Bi Msiri.

Mashaka alikuwa mume mwema. Hagombi, hachagui chakula. Kilichomshinda ni kuamua tu. Akitaka kuhama tawi huinua mguu, huupeleka mbele, huurudisha nyuma, huupeleka mbele tena, na akija kukanyaga, jua limeshahama.

"Baba Chudi, kanyaga basi!" Mboni humwambia.

"Taratibu, mke wangu. Tawi halikimbii."

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Nyasi zilikauka hata panya akipita zinalia chakara, chakara. Asubuhi moja upepo ukaleta harufu, na Mboni akanusa.

"Baba Chudi, nasikia moshi. Tuondoke, twende mwambani."

Mwamba huo ulikuwa ng'ambo ya nyasi, mtupu, hauna hata jani la kuungua. Kwa mwenye mbio ni hapo tu. Kwa kinyonga ni safari ya kutwa.

Mashaka akapeleka jicho moja kwenye moshi. La pili akalipeleka kwa jirani yao Swala, aliyekuwa chini anatafuna.

"Bwana Swala, umesikia moshi?"

"Nimesikia."

"Unaondoka?"

"Bado."

Mashaka akamgeukia mkewe. "Umesikia mwenyewe. Swala hajaondoka. Swala akiondoka, nasi tunaondoka."

Mboni akaunusa upepo tena.

Jua likapanda. Mara panzi wakaanza kutua kichakani, mmoja, wawili, kundi zima. Mashaka akafurahi kupita kiasi. "Leo chakula kinajileta chenyewe!" Ulimi ukatoka, pwaa! Ukatoka tena, pwaa! Watoto wakashangilia.

Panzi mmoja akatua mbele ya Mboni, anahema.

"Kabla sijakula, niambie," Mboni akamuuliza. "Mnatoka wapi?"

"Kwenye moto."

"Na mnakwenda wapi?"

"Popote usipokuwapo. Kama ni kunila, nile upesi, maana hapa si pa kukaa."

Mboni hakumla. Njaa ilikwisha palepale. Akasema, "Baba Chudi, hawa hawakuja kututembelea, wanakimbia. Tuondoke."

Mashaka akajibu mdomo umejaa, "Swala hajaondoka. Swala akiondoka, nasi tunaondoka."

Mboni akainama akamuuliza Swala mwenyewe, "Jirani, wewe utaondoka lini?"

"Nikiuona moto kwa macho. Mruko mmoja, mingine miwili, nimefika mwambani."

Mboni akaitazama miguu ya Swala, mirefu, myembamba. Akaitazama yake. Tangu asubuhi mumewe alikuwa akipima safari yao kwa miguu ya mtu mwingine!

Kabla hajasema kitu, jivu likadondoka, likatua kichwani kwa Chudi.

"Baba Chudi, jivu hilo. Tuondoke."

Safari hii Mashaka hakuwahi hata kufungua mdomo. Watoto walimjibia kwa pamoja, "Swala hajaondoka! Swala akiondoka, nasi tunaondoka!"

"Swala na aondoke saa aitakayo," Mboni akasema. "Mimi na wanangu tunaondoka sasa."

Juu huko Bi Msiri akakohoa. "Mimi nimeolewa katika kichaka hiki. Kila mwaka moto unakuja, kila mwaka unaishia kwenye njia ya tembo. Siendi popote."

Mboni hakubishana naye. "Sawa, mama, pumzika. Wajukuu zako nitawapitisha bondeni. Chudi atatangulia."

"Bondeni!" Bi Msiri akaruka. "Kwenye nyoka? Na mtoto wa mwisho ndiye atangulie? Nani alikufundisha kulea, wewe?"

Akaanza kushuka huku anasema, akafika chini anasema, akashika njia mbele ya wote bado anasema. Mboni alijua fika kwamba bondeni hakupitiki. Akafuata nyuma, kimya, kama mkwe mwenye adabu.

Mashaka peke yake akabaki. "Mimi nitalinda nyumba."

"Utailinda kwa silaha gani?"

"Nitaitazama."

Mboni akamwangalia kwa jicho moja, la pili likiwa kwa watoto, na kwa mara ya kwanza akamshukuru Mungu kwa kumpa macho yaendayo njia mbili. Kisha akaondoka. Kila hatua ilikuwa nzito, maana hakujua kama anayetembea ni mke wa mtu au tayari ni mjane.

Wakatembea mchana kutwa. Jua lilipoanza kushuka, nyuma yao kukatoka mvumo kama wa mvua kubwa. Kivuli kikapita juu ya vichwa vyao, fyuu! Alikuwa Swala. Wao walikuwa wamefika mawe ya kwanza ya mwamba. Wakapanda, wakageuka. Moshi ulikuwa umekimeza kichaka chote.

Hata Bi Msiri alikosa neno, na hilo ndilo lililomtisha Mboni kuliko moto.

Mara kwenye moshi akatokea Ngiri anatimua mbio, mkia umesimama wima. Na juu ya mkia, kitu. Ngiri akaupanda mwamba mbiombio, na kitu kile kikadondoka puu, kikabiringika hadi miguuni pa Mboni. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya matanga. Haikujulikana ni masizi au ni hofu.

Alikuwa Mashaka. Msije mkasema hatimaye aliamua! Alikuwa ameinua mguu mbele, ameurudisha nyuma, ameupeleka mbele, ndipo tawi likakatika, naye akamwangukia Ngiri aliyekuwa anapita.

Akakohoa. Akafungua jicho moja, kisha la pili. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Chudi, Swala ameondoka."

Mboni akacheka, akalia, akacheka tena. Bi Msiri alimchapa mwanawe kofi, kisha akamkumbatia, kisha akamchapa jingine.

Kichaka chao hakikubaki hata kijiti. Wakahamia kingine. Kiangazi kilichofuata upepo ukaleta harufu, na safari hii Mashaka ndiye aliyesema kwanza, "Tuondoke." Wakatembea kutwa hadi mwambani. Moto haukuja, kumbe ni watu waliokuwa wanachoma shamba.

"Safari ya bure!" Bi Msiri akanung'unika njiani kurudi. "Miguu inaniuma bure!"

"Mama," Mboni akasema, "tumeondoka wote, tumerudi wote, na nyumba ile pale. Safari ya bure namna hii mimi naitaka kila mwaka."

Basi, wenzangu, funzo ni hilo. Saa ya kuondoka ipime kwa miguu ya nyumbani kwako, si kwa ya jirani. Na mwenye watoto na wazee aanze mapema.

Kisa nimekiweka chini, anayekipenda akiokote. Mkiuliza Ngiri alishukuriwa vipi, hakushukuriwa. Hadi leo hajui kama alibeba mtu.