Jino la Lutengano

Jino la dereva ni jino la basi zima. Methali hii mmeisikia stendi asubuhi hii, mkacheka, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Chekeni tu, hata mimi niliicheka siku ya kwanza. Lakini siku ilipotamkwa hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo dereva mmoja wa basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam, Lutengano Mwaipopo, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulaza abiria njiani. Yule alikuwa dereva, jamani! Akishika usukani, watu walisinzia kama wako vitandani kwao. Udhaifu wake ulikuwa kinywa. Ili kufukuza usingizi alimumunya pipi toka Mbeya hadi Chalinze na kushushia soda, na mswaki aliukumbuka siku za mapumziko. Jino la nyuma lilipotoboka, aliliziba kwa karafuu. Lilipovimba, alimeza vidonge vya maumivu na kunyamaza, maana madereva wa enzi zile walikuwa na msemo wao wa kijinga kwamba dereva haugui, huugua gari. Isitoshe, aliogopa. Dereva mgonjwa angeshushwa kwenye usukani, na bila usukani Lutengano hakujua yeye ni nani.

Siku hiyo walipotoka Iringa vidonge vilikuwa vimekwisha nguvu. Maumivu yalikuja na kuachia, na kila yalipokuja macho yalijifumba yenyewe. Shavu lilikuwa limeumuka kama andazi. Aliendesha hivyo, taya ameikaza, mpaka Ilula.

Hapo alikuwa na desturi asiyoivunja. Kabla ya kuteremka mlima Kitonga alisimamisha basi, akapima breki, akagonga matairi yote, kisha akamuuliza kondakta wake kama kuna kibovu. Kikiwapo, hata kiwe taa ya nyuma tu, basi halisogei. Kondakta alikuwa Atupele, msichana aliyefunzwa kazi na Lutengano mwenyewe.

"Kuna kibovu?" aliuliza, mkono shavuni.

"Kipo, baba."

"Kipi? Breki nimepima mwenyewe."

"Breki nzima. Kibovu kiko kinywani mwako. Tangu Iringa umefumba macho mara nne, nimekuona kwenye kioo."

"Atupele! Mimi nimeteremka Kitonga wewe hujazaliwa."

"Najua, baba. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba kibovu hakiteremki."

Angeweza kumfokea, na msichana angenyamaza. Badala yake Lutengano akainua macho madirishani. Mama mmoja alikuwa akinyonyesha, wengine wanamenya machungwa, hakuna aliyekuwa na wasiwasi kwa sababu dereva ni Lutengano. Hilo ndilo lililomchoma kuliko jino. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwa Atupele. Kwa hilo mimi namvulia kofia mpaka leo, maana kuteremka Kitonga ni rahisi kuliko kushuka kwenye kiti chako mbele za watu.

Akasimama mlangoni. "Ndugu zangu, jino linanifumba macho. Siwezi kuwateremsha. Mtanisamehe."

Manung'uniko yakaanza. Bwana mmoja aliyevaa suti akasimama. "Sasa jino lako sisi linatuhusu nini? Watu tuna safari!"

Bibi mmoja mwenye kikapu cha maparachichi akamgeukia. "We baba, unataka lituhusu tukishafika korongoni? Jino la dereva ni jino la basi zima. Kaa chini, aende akang'olewe."

Akakaa. Lutengano alipelekwa kituo cha afya, huko mganga wa meno akakuta usaha umeshaingia kwenye taya. Akaling'oa, akampa mswaki na karipio refu. Saa tatu nzima abiria walimsubiri, na aliporudi akiwa ameuma pamba, yule bwana wa suti ndiye aliyemkimbilia wa kwanza.

"Limetoka?"

Lutengano akaitikia kwa kichwa, na basi zima likapiga makofi.

Dereva mwingine alikuwa ameshafika kutoka Iringa kumpokea. Lutengano akakaa kiti cha abiria, nyuma yake bibi na yule bwana. Wakaanza kuteremka. Kwenye kona ya tatu lori lililokuwa likipanda likatokea ghafla, limehama upande wake, limewaelekea uso kwa uso. Yule dereva aliyetoka Iringa akakata usukani, akabana mlimani, vyuma vikapishana kwa upana wa kiganja. Upande wa pili lilikuwa korongo.

Lutengano aliinama akalia waziwazi, machozi yakalowesha pamba, maana alijua kwamba kufumba macho mara moja tu pale kungetosha.

Yule bwana wa suti akamwekea Lutengano mkono begani. Kisha akamgeukia bibi.

"Bibi," alisema, "ulisema kweli. Jino la dereva ni jino la basi zima."