Mzee Aliyekula Akitazama Bahari

Si kila akupaye mgongo amekununia.

Mmeisikia harusini, mkaanza kuchekana, mkadhani ni maneno ya wazee wa enzi za mkoloni. Hapana. Methali hii haina hata mvi moja. Ilizaliwa Tanga juzijuzi tu, kwenye meza ya plastiki, kati ya sahani ya samaki aina ya changu na kibakuli cha ndimu. Sogeeni, chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na binti wa Muheza, Eufemia Mhina, mwendesha kreni pale bandarini. Ungemwona njiani ungesema upepo utambeba. Lakini kontena ambalo kijiji kizima kisingelisogeza, yeye alilinyanyua kwa vidole, akalitua taratibu kama mama anavyolaza mtoto. Huyu binti akaolewa na Gwamaka, fundi umeme, kijana wa Kinyakyusa kutoka kule milimani Rungwe.

Harusi ilifungwa Muheza, watu wakala wakacheza, ila kiti kimoja cha mbele kilibaki kitupu. Baba yake Gwamaka, Mzee Mwasanguti, hakuja. Ilisemwa mguu unamsumbua. Wapo walioamini. Wapo pia waliosema kwamba mguu wa mtu huuma zaidi anapopelekwa asikotaka kwenda.

Kiongozi wa hao wasioamini alikuwa Shangazi Domitila, dada yake baba Eufemia, mama aliyejaliwa mwili, sauti na kumbukumbu, vyote kwa kipimo cha kufurika. Kwa hiyo iliposikika kwamba mzee amepona na anakuja Tanga kumwona mkamwana wake kwa mara ya kwanza, ukoo ukamtuma yeye. Akamwangalie mzee usoni, kisha arudi aseme kama binti yao amepokewa kwa wakwe au anavumiliwa tu.

Eufemia alijua shangazi amefuata nini. Akaona asiwabananishe kwenye sebule yake, bora awatoe wote wakale kwenye mgahawa wa samaki ulio ukingoni kabisa mwa maji, pale ambapo bahari ikijaa miguu ya meza za mwisho inaloa. Aliomba zamu yake ibadilishwe, akasuka nywele, na njia nzima alikuwa akijirudia kichwani namna ya kumkaribisha mzee.

Mzee akaja na koti lake zito la baridi ya kwao Tukuyu. Tanga ile joto mpaka mbu wanatafuta kivuli, na yeye kafunga vifungo vyote. Shangazi akapewa mkono, akaulizwa habari za Muheza, za mvua na za michungwa. Ikafika zamu ya Eufemia. Alipopiga goti na kutoa shikamoo, mzee aliitikia huku ameinua macho kwenye taa ya barabarani, kana kwamba shikamoo imetokea huko juu. Shangazi akaliona hilo, akalitia kibindoni.

Wakaketi. Gwamaka akaitwa jikoni, maana pale mteja huchagua samaki wake mwenyewe kwenye sanduku la barafu. Akaenda, na Gwamaka akishaanza kukagua macho na mashavu ya samaki ni daktari wa zamu, hatoki upesi.

Huku nyuma mhudumu akaleta jagi la maji ya kunawa na beseni. Sasa kwa kina Eufemia, baba mkwe hanawishwi na mhudumu. Mke wa mwanawe ndiye humnawisha, na kumwachia mtu baki ni utovu wa adabu. Eufemia akalipokea jagi, akatupia taulo begani, akapiga goti kando ya kiti cha mzee.

"Baba, karibu unawe."

Mzee alishtuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaficha mikono kwapani. Akasimama, akanyanyua kiti chake, akakigeuza, akaketi tena, safari hii ameitazama bahari. Wao wakabakiziwa lile koti la Tukuyu, pana kama ukuta wa ghala.

Watu wa meza za jirani waliacha kutafuna. Eufemia alibaki pale chini, jagi mkononi. Akauliza polepole, "Baba, nimekukosea nini?"

Mgongo haukujibu.

Hapo ndipo alipovunjika. Kile kiti kitupu cha harusini, ile taa ya barabarani, na sasa hili. Akaweka jagi mezani, akajipangusa uso kwa lile taulo alilolileta kwa ajili ya mikono ya mzee.

"Inuka, mwanangu," Shangazi Domitila akasema, na hakupunguza sauti. "Mimi nilitumwa nikaone sura ya mkwe. Nimeoneshwa koti. Chukua mkoba wako twende."

Eufemia akauchukua mkoba. Alikuwa ameshasimama Gwamaka alipotokea jikoni, mhudumu nyuma yake na sinia la samaki. Akaona mgongo wa baba yake, akaona macho ya mkewe, akaona jagi. Akajishika kichwa.

"Mungu wangu. Sikumwambia."

Ikabidi aeleze pale pale, amesimama, maneno yakigongana mdomoni. Kwao, katika ukoo wa Mwasanguti, mzee na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawagusani mikono, hawasemeshani, na wakikutanishwa kwenye chakula mmoja hugeuka. Ni heshima, tena kubwa. Yeye aliondoka nyumbani angali mdogo, na kwa kuwa baba yake siku hizi ni mzee wa kanisa, alidhani mambo hayo ameshayaacha. Baba naye alidhani mkamwana ameshafundishwa na mumewe. Kwa hiyo huyu alipiga goti kwa heshima yake, yule akakimbia kwa heshima yake, heshima mbili zikagongana vichwa.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hayo umeyasema wewe mumewe. Mume atasema lolote mke asiondoke. Mimi nataka mwenyewe aseme."

"Hawezi kusema naye, shangazi. Ndiyo mila yenyewe."

"Basi na mimi siwezi kubeba mgongo mpaka Muheza."

Eufemia alikuwa katikati, mkoba begani. Shangazi ameshamshika mkono. Mumewe anamtazama. Kama angeondoka usiku ule, mnajua wenyewe, safari ya kurudi ingekuwa ndefu kuliko barabara yake.

Ndipo mzee akakohoa. Akasema bila kugeuka, "Gwamaka, nipe huyo samaki."

Akapewa changu wake kwenye sahani, akampakata magotini. Akamwinamia, akamtazama jicho kwa jicho, akaanza kuzungumza naye kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Wewe samaki, nina neno na wewe. Akisikia mwingine, hayo ni masikio yake. Njiani nimetazamana na watu wengi. Kondakta nimemtazama. Mama aliyeniuzia machungwa nimemtazama na mkono nimempa. Hao si wangu. Aliye wangu simtazami. Mama yangu hakumtazama babu yangu, baba mkwe wake, hata siku moja, na tulipomzika babu, hakuna aliyemlilia kama yeye."

Mhudumu alisahau kuweka sinia chini.

"Harusini sikuja kwa sababu ya mguu. Nawe ungekuwa na miguu ungenielewa. Lakini nyumbani kila mtu nimemwambia kwamba kijana wangu amepata mke Tanga anayeinua chuma kikubwa kuliko kanisa letu. Nikisema sokoni wananiambia Mwasanguti unaongopa. Leo nimemwambia kijana anipitishe bandarini. Nikasimama nje ya uzio, nikaitazama ile kreni mpaka shingo ikauma, maana hiyo sikukatazwa kuitazama. Sasa nikirudi wakiniuliza, nitawaambia hivi: sura yake siijui, kazi yake nimeiona."

Kisha akamkamulia samaki wake ndimu.

Machozi yalimtoka Eufemia, ila si yale ya mwanzo. Akajitoa taratibu mkononi mwa shangazi, akatua mkoba. Kisha akanyanyua kiti chake, akakibeba hadi nyuma ya kiti cha mzee, akakigeuza, akaketi. Mgongo wake na lile koti la Tukuyu vikawa vinakaribia kugusana. Mumewe akaelewa, akamnawisha mzee, kisha akampa mkewe samaki wake.

Eufemia akamwinamia samaki. Sauti yake ilikuwa bado na maji maji.

"Samaki, mwambie baba asiache nyama ya shavuni, ndiyo tamu. Na umwambie kesho asubuhi niko kazini. Asimame upande wa uzio wenye kivuli. Nitashusha kontena moja kwa heshima yake."

Mzee alitafuna, akameza, akamwambia wa kwake, "Mwambie iwe lile kubwa."

Alicheka nani kwanza haijulikani, ila koti lilikuwa linatikisika. Wakala hivyo, mmoja ametazama bahari, mwingine ametazama mji, wakitumiana salamu kwa samaki mpaka ikabaki miiba, na hapo Gwamaka ikambidi aagize pweza ili mazungumzo yaendelee. Shangazi Domitila alikaa kando yao, mabega juu kama mama wa bibi harusi. Mtu wa meza ya jirani alipomdokeza kwamba wale wawili labda wapatanishwe, alimtazama kwa huruma, akamwambia ale chakula chake.

Kesho yake kontena lilishushwa. Lilikuwa kubwa. Wanaosimulia wanasema mzee alivua kofia.

Shangazi akarudi Muheza. Ukoo ulikuwa umekusanyika unamsubiri, hata maji ya kunywa hawakumpa kwanza. Kaka yake, baba wa binti, ndiye aliyeuliza, na alivyouliza ilionekana hakulala vizuri tangu harusi.

"Ulimwangalia usoni?"

"Usoni sikumwona vizuri, na Eufemia hakumwona kabisa," shangazi akajibu, akivuta kiti. "Alitugeuzia mgongo tangu maji ya kunawa mpaka pweza wa mwisho. Binti yetu ana mkwe, tena mkwe haswa. Na tangu leo nisisikie mtu hapa akimhukumu mwenzake kwa alivyokaa. Si kila akupaye mgongo amekununia."