Pimbi na Kurasa Zilizogandana

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walivaa majoho siku ya mahafali, Pimbi alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Mawe Saba. Ndiyo, Pimbi huyu huyu mdogo asiye na mkia! Msicheke, sikilizeni.

Alikuwa akitafiti jambo moja: wanafunzi hujifunzaje darasani, na kwa nini wengine husinzia? Msimamizi wake alikuwa Profesa Kiboko, mwenye mwili mkubwa na sauti ya ngoma. Kila sura aliyopelekewa aliirudisha Jumatatu na maneno yale yale: "Nimesoma. Rekebisha."

Arekebishe nini? Hasemi! Miaka mitatu ikapita hivyo, na sheria ya chuo ilikuwa kwamba asiyemaliza kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, afungashe virago.

Pimbi akaingiwa na shaka. Akachukua gundi ya mgunga, akagandisha ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja, pa! Akaipeleka tasnifu yake. Jumatatu ikarudi: "Nimesoma. Rekebisha." Kurasa zimegandana vile vile.

"Lahaula!" akasema Pimbi. "Huyu mzee hajasoma hata nukta!"

Kesho yake Kiboko akamwita ofisini kwake, kule bwawani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako nimeipenda. Wiki ijayo kuna kongamano, na Mkuu wa Chuo, Mzee Simba, atakuwapo. Nitaiwasilisha mimi, kwa jina langu."

Pimbi akapiga hesabu. Bila kazi ile hana shahada, na muda wa kuanza nyingine hakuna. "Na jina langu je, Profesa?"

"Wewe nani anakujua? Tutakushukuru pale chini, kwa herufi ndogo."

Pimbi akalia. Alilia kweli, wanangu, kwa uchungu wa miaka mitatu. Kisha akapangusa macho.

"Sawa, Profesa. Lakini umeisoma yote?"

"Yote! Mara mbili!"

"Basi niachie nikuandikie nakala safi."

Kiboko akakubali, maana alipenda kufanyiwa kazi. Pimbi akaandika upya kurasa zile mbili tu, akazigandisha tena, akamrudishia.

Siku ya kongamano ukumbi ukafurika. Kiboko akapanda jukwaani, akaanza kusoma kama alivyosoma darasani miaka thelathini: macho yanasoma, mdomo unanguruma, masikio yako likizo. Akafika pale. Akavuta. Krrrr! Kurasa zikaachana.

"Mbinu za utafiti," akanguruma. "Mimi mtafiti nilijibanza ndani ya ufa wa ukuta wenye upana wa kiganja. Kwa kuwa sina mkia, hakuna aliyeniona."

Nungunungu wa mstari wa mbele akashtuka. "Ufa wa kiganja? Huyu?"

Kiboko hakusikia. "Nilimchunguza Profesa Kiboko akisoma makaratasi yake ya zamani. Kati ya wanafunzi arobaini, thelathini na mmoja walikoroma. Nyumbu sita walilala wamesimama. Profesa mwenyewe hasikii anachosoma. Hata haya hatayasikia."

Kwa! Kwa! Kwa! Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kiboko akadhani anashangiliwa, akainama. "Ahsanteni! Ahsanteni sana!"

Simba akafuta machozi ya kicheko. "Profesa, hebu geuka kidogo."

Kiboko akageuka. Mkia ule pale, unapunga!

"Sasa tuonyeshe ulivyoingia kwenye ufa."

Ndipo Kiboko akatazama karatasi, akasoma polepole, kimyakimya. Masikio yakamlala. Aibu iliyomshika siwezi kuieleza.

"Kazi hii ni ya nani?" akauliza Simba.

Fyuu! Pimbi akachomoka kwenye ufa wa ukuta wa ukumbi. "Yangu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba! Na sisi sote ni mashahidi kwamba utafiti wako ni wa kweli. Tumeuona kwa macho yetu."

Shahada akapewa, na juu yake darasa la kufundisha. Kiboko naye akaamriwa arudi darasani muhula mzima, akae mstari wa mbele. Mwalimu wake? Pimbi!

Wiki ya kwanza Kiboko akaandika insha, akaikabidhi kwa hofu, maana alijua malipo ni hapa hapa duniani. Jumatatu ikarudi. Akafumba jicho moja, akachungulia kwa la pili: "Nimesoma. Rekebisha mstari wa pili, wa tano na wa tisa. Mwisho ni mzuri."

Kiboko akaisoma mara mbili, safari hii kweli, akachukua kalamu.

Basi, aliyesinzia katikati na aamshwe na jirani yake, asikie hili: avaaye kazi ya mwenzake, mkia humtoka nje.